Chungu Kilichovunjwa Makusudi

Chungu kilianza kunuka mafuta ya kondoo siku Nekesa alipogundisha kigae cha mwisho. Kilikuwa kimelala chini ya mawe huko Kalokol miaka elfu nne, na sasa kilinuka kama nyama iliyoepuliwa muda ule ule. Alifungua dirisha la nyumba yake ya Nawoitorong, akajiambia ni jirani anapika.

Alikuwa amebeba kazi hadi nyumbani kwa sababu bosi wake wa makumbusho, Cornelius, alitaka chungu kizima cha kuwaonyesha wageni Ijumaa. "Ukimaliza, barua ya kazi ya kudumu ni yako," alimwambia. Nekesa alikuwa na miaka sita ya vibarua Lodwar, na mtoto mmoja wa kulea peke yake. Nani angekataa?

Jumatano Sellah, binti yake wa miaka saba, alimaliza sahani ya ugali akaomba nyingine, na nyingine, huku mbavu zikizidi kuonekana.

"Wanakula haraka, mama," alinong'ona. "Mimi sipati."

"Nani?"

"Hao wamekaa na wewe."

Nekesa alikuwa peke yake mkekani.

Alhamisi alimwita Ekuru, mama wa Kiturkana aliyevichimba vigae vile. Ekuru alikataa kuvuka kizingiti.

"Mama Sellah, hii chungu ilivunjwa makusudi. Ona, kila kipande iko na alama ya jiwe. Watu walikula na wafu wao, wakavunja, ndio wafu waende. Wewe umewaita tena. Na mwenye kuita karamu ndiye anatoa mnyama. Vunja leo."

"Kesho," Nekesa alisema kwa sauti ya chini. "Wageni wakishaona."

Ijumaa wageni walipiga picha ofisini, na Nekesa akatabasamu huku harufu ile ikimpanda puani mpaka akashindwa kungoja hotuba ziishe, akakinyakua chungu na kukibamiza sakafuni, akatoka mbio juani bila kuangalia nyuma. Nyumbani alimkuta Sellah amelala mkekani, wa baridi, mikono yake iking'aa mafuta mpaka viwikoni.

Baada ya mazishi Cornelius alileta rambirambi, na katoni ya vigae vya chungu kile. "Pole sana. Ukiunga tena, barua bado iko."

Nekesa alimchukia, na zaidi yake akajichukia mwenyewe. Lakini katoni aliipokea. Mnyama wa safari hii alimjua: ni yeye mwenyewe. Alifunga mlango, akatandika mkeka, akaunga kigae kwa kigae, na kila harufu ilipozidi alisogea kando kidogo, kumwachia mtoto nafasi.