Maneno Matano ya Komeo

Kila asubuhi kabla ya shule, Kinasa alipiga deki ukumbi wa mazoezi. Alichovya tambara kwenye ndoo ya maji yenye dawa, akafuta mikeka minene ya mpira kutoka pembe hadi pembe, kwa sababu jasho la watu ishirini likiachwa huleta upele. Kwenye kona, chini ya saa ya ukutani, shangazi yake aliruka kamba. Kamba ilipiga sakafu, ta, ta, ta, na Kinasa akafuta kwa mwendo uleule.

Jina la Kinasa alipewa na wenzake wa darasa la sita, maana akisikia jambo mara moja hulirudia neno kwa neno kama kinasa sauti. Shangazi naye alikuwa na lake. Mashabiki walimwita Komeo. Katika mchezo wake, ngumi, mateke na mieleka vyote vinaruhusiwa ndani ya ulingo mmoja uliozungushiwa wavu, na yeye akishaubana mkono wa mtu, hakuna wa kuufungua. Alianza akiwa mfuaji wa mashuka ya hospitali, mwenye mabega yaliyokomazwa na kukamua mablanketi. Miaka kumi na mmoja baadaye alikuwa bingwa, na mkanda wake alikuwa ameutetea mara nne. Ndiye pia aliyemchukua Kinasa, mtoto wa kaka yake, siku walipotoka kumzika kaka huyo.

Pambano la nne la kuutetea mkanda ndilo lililoacha alama. Raundi ya pili alipigwa teke la kichwa, akaanguka, akainuka, akaendelea mpaka akashinda kwa kumkaba mwenzake. Kesho yake aliliangalia pambano hilo kwenye simu ya kocha, kwa uso wa mtu anayetazama wageni.

"Huyu ni mimi?" aliuliza.

"Sasa nani, mimi?" kocha akacheka.

Komeo akacheka pia. Kinasa hakucheka. Aliona kwamba shangazi hakuwa anatania.

Tangu siku hiyo birika lilibandikwa jikoni bila maji, likaungua mara tatu. Shangazi alivaa kiatu kimoja, akazunguka nyumba nzima kutafuta cha pili alichokuwa amekishika mkononi. Siku moja alisimama kwenye njia panda ya mtaa wao, mtaa aliozaliwa, akauliza, "Kushoto au kulia, bosi?" Aliuliza kama mzaha. Kinasa akasema kulia, kama mzaha vilevile.

Kikwazo cha kupigana tena kilikuwa daktari wa shirikisho la mchezo huo. Wiki tatu kabla ya pambano kila mpiganaji hupimwa. Daktari husoma maneno matano, mpiganaji huyarudia. Kisha husimama kwa mguu mmoja, hufuata kidole kwa macho, hutaja miezi kutoka Disemba kurudi Januari. Zikipita dakika kumi huulizwa tena yale maneno matano. Asiyeyakumbuka hapigani.

"Limebaki moja tu," Komeo alisema wakiwa jikoni. "Niutetee mkanda mara ya tano, halafu niuvue kwa mkono wangu mwenyewe. Sitaki kuvuliwa na mtu. Wewe umeingia nami mle chumbani mara ngapi?"

"Mara nne, Shangazi. Nilikuwa nakushikia mkoba."

"Na maneno yake unayo?"

Kinasa aliitikia kwa kichwa. Alikuwa nayo yote. Daktari alikuwa na karatasi tatu tu, alizozizungusha mwaka hadi mwaka.

"Mtihani ni mtihani," shangazi akasema. "Wewe si hujisomea kabla ya mtihani? Basi nifundishe."

Kinasa aliona ni sawa. Huyu ndiye aliyemsuka nywele kwa vidole vilivyovunjika. Angemnyimaje maneno kumi na tano?

Kuyakariri wakiwa wamekaa kulishindikana. Komeo aliyapoteza kabla chai haijapoa. Ndipo Kinasa akayatia kwenye kamba: neno moja, mruko mmoja. Daraja, sabuni, mbuzi, kofia, taa. Kwa siku kumi miguu ilishika kile ambacho kichwa kilikataa, mpaka Komeo akawa akisikia neno la kwanza, mengine yanafuata yenyewe.

"Hilo zoezi gani?" kocha aliuliza asubuhi moja.

"La pumzi," Komeo akamjibu.

Kocha hakuuliza tena, na hakuwa mtu mjinga.

Siku ya kupimwa, daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alichomoa karatasi ya pili. "Daraja. Sabuni. Mbuzi. Kofia. Taa." Komeo akayarudia. Dakika kumi zilipopita akayarudia tena yote, na chini ya kiti kisigino chake kiligonga sakafu taratibu. Daktari akapiga muhuri.

"Hongera, bingwa. Nyumbani kwangu wanakungoja kwa hamu."

Walitoka. Kwenye ukumbi mwembamba kulikuwa na benchi la mbao. Komeo akakaa, akaweka mkoba magotini, akamnong'oneza Kinasa.

"Mbona anatuchelewesha hivi? Ameshatuita?"

Kinasa alikuwa ameshika karatasi yenye muhuri, wino haujakauka. Alingoja shangazi acheke. Hakucheka. Alikuwa anautazama ule mlango, akisubiri jina lake. Nje ya dirisha kocha aliwapungia mkono kutoka getini, ameinua dole gumba. Kinasa akawaza teke jingine, na kwamba ndani ya ule wavu hakutakuwa na mtu wa kumwambia shangazi kushoto au kulia.

"Bado, Shangazi," alisema. "Kaa hapa, nikaulize."

Huo ulikuwa uongo wa mwisho aliomwambia.

"Daktari," alisema alipoingia, "aliyefaulu ni mimi. Si yeye." Akaeleza yote: karatasi tatu, kamba, birika, njia panda. Daktari alivua miwani. Hakumfokea.

"Yuko wapi?"

"Hapo nje. Anadhani hujatuita."

Daktari akafungua mlango, akamkaribisha Komeo kana kwamba ndiyo kwanza amefika. Safari hii hakugusa karatasi. Alitazama chumba chake, akataja alivyoviona: pazia, mkasi, ndoo, kalenda, mlango. Baada ya dakika kumi akauliza.

Kisigino kikaanza kugonga. "Daraja," Komeo alisema. "Sabuni. Mbuzi. Kofia..." Akamwona Kinasa analia, na kisigino kikasimama.

"Umenivua," alisema.

Daktari ndiye aliyejibu. "Lililokuvua ni lile teke, dada yangu. Huyu amekuokoa na linalofuata." Kisha akamgeukia mtoto. "Na wewe nisikilize. Darasani ukimpa mwenzako majibu, anapata alama zisizo zake. Hapa ukimpa mtu majibu, unampeleka kwenye kipigo cha kumuua. Mimi sipimi alichojifunza. Napima kilichobaki."

Picha za kichwa zilizopigwa hospitalini zilionyesha damu iliyokuwa ikivuja kidogo kidogo chini ya fuvu. Madaktari wakampasua, wakaitoa. Teke moja zaidi, alisema mpasuaji, asingeamka. Vilivyokuwa vimeshapotea havikurudi vyote. Kocha aliubeba mkanda ndani ya boksi la viatu, akaurudisha kwenye shirikisho. Alipopita getini alimwambia Kinasa, "Umemuuza," akaenda zake. Komeo naye hakusema na Kinasa kwa siku tisa. Alipokea uji, akanywa, akageukia ukuta. Kinasa aliendelea kupiga deki ukumbi. Kwenye kona hapakuwa na kamba.

Mwezi ulipopita, asubuhi moja Komeo aliingia polepole, kofia imefunika kovu, akakaa chini ya saa.

"Daktari anataka nipimwe kila siku, kwa maneno mapya," alisema. "Shika daftari alilonipa. Soma."

"Jivu, kengele, mto, pasi, ngazi."

Kinasa alifuta mikeka kwa dakika kumi, kisha akarudi na kukaa mbele yake.

"Kengele," Komeo alianza. Akakunja uso. "Pasi."

Kinasa alihisi midomo yake inataka kulitamka neno la tatu. Akaiuma.

"Usininong'oneze," shangazi akasema. "Nilikukasirikia kwa sababu ulisema. Wa kukasirikiwa nilikuwa mimi, niliyekufundisha kuficha. Ukimpenda mtu anayeumwa, mseme kwa anayeweza kumtibu, hata kama atakuchukia. Nikikuchukia nikiwa hai, nina muda wa kuacha." Akashusha pumzi. "Nimepata mangapi?"

"Mawili, Shangazi."

"Basi andika mawili. Usiongeze."

Kinasa akaandika mawili.