Mapafu na Kiti cha Daktari wa Meno

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Mapafu hupuliza tarumbeta uani. Jina hilo alipewa na majirani. Akianza kuvuta noti moja, wao huhesabu, na mara nyingi huchoka kabla yake.

Wiki ile uani kulikuwa kimya. Jino la nyuma lilikuwa limetoboka. Akigusisha tarumbeta mdomoni tu, maumivu yalimpanda mpaka kichwani. Na Jumamosi binti yake alikuwa anaolewa!

"Baba, uliniahidi," binti alisema. "Nitatoka mlangoni kwa tarumbeta yako, si ya mtu mwingine."

"Nitapuliza, mwanangu," alijibu, mkono shavuni.

"Utapulizaje?" mkewe alidakia. "Mara mbili umekwenda kwa daktari wa meno, mara mbili umetoka mbio. Juzi umerudi na kitambaa chao shingoni!"

Binti alicheka. Mapafu hakucheka. Alikuwa anaogopa kweli, na aliona aibu.

Jioni alikuja shemeji yake, mdogo wa mkewe. Kazi yake ni kumsaidia daktari huyohuyo wa meno.

"Shemeji, ukikaa kwenye kile kiti cha daktari unafanya nini?" alimuuliza Mapafu.

"Nafumba macho, nabana pumzi, nasubiri yaishe."

"Ala! Mapafu mzima unabana pumzi? Hapo ndipo moyo unapokwenda mbio na hofu inapozidi. Kabla ya wimbo mrefu unavutaje hewa?"

"Polepole, mpaka tumboni. Kisha naiachia polepole zaidi."

"Basi fanya hivyo hivyo kitini."

"Na kidonge cha kuondoa hofu?"

"Hukihitaji. Jino litapigwa ganzi lisiume, hiyo ni kazi ya daktari. Hofu tutaitoa sisi. Mwambie wazi kwamba unaogopa. Wako wengi kama wewe. Mwombe akueleze kila jambo kabla hajalifanya. Na mkubaliane ishara: ukiinua mkono, anasimamisha kazi."

Mapafu aliruka kutoka kitini. "Kama mkuu wa bendi!"

"Eeh! Kesho mkuu wa bendi ni wewe. Njoo asubuhi na mapema, usikae kutwa nzima ukiwaza. Na dada akusindikize."

Kesho yake Mapafu alikuwa wa kwanza kufika kwa daktari. Mkewe alikaa karibu naye.

"Daktari, mimi naogopa," Mapafu alisema.

"Umefanya vizuri kuniambia," daktari alijibu. Akamwonyesha kioo kidogo. Akawasha hewani mashine ya kusafishia jino, aisikie kwanza.

"Loo! Noti ya juu hiyo!" Mapafu alisema.

Ganzi ilipokolea, kazi ilianza. Mara Mapafu akainua mkono. Mashine ikanyamaza papo hapo.

"Unaumia?" daktari aliuliza.

"Hapana. Nilikuwa najaribu tu."

Wote waliangua kicheko. Kuanzia hapo Mapafu alivuta hewa tumboni na kuiachia taratibu, huku mguu wake ukipiga mdundo wa wimbo wa Jumamosi. Wimbo haujafika mwisho, jino likawa limezibwa! Njiani alimsimulia kila aliyekutana naye habari za ule mkono, na nyumbani akarudia tena, mpaka binti akazikariri.

Jumamosi mlango ulifunguliwa. Binti alitoka, na tarumbeta ikalia mtaa mzima. Mapafu aliivuta noti ya mwisho. Majirani walihesabu, wakachoka. Noti ikaendelea.

Binti, machozi ya furaha yakimtiririka, akainua mkono.

Mapafu akaacha kupuliza papo hapo, akashusha tarumbeta, akamkumbatia.