Pingamizi la Tembe la Chilewa

Aneth Ndahani tunamfahamu wote hapa Ihumwa. Nyumba ya mama yake iko ng'ambo ya reli, ile yenye ua wa minyaa. Ni mwanamke asiye na makuu, mtu wa kanisa, na si wa kuzua maneno. Ndiyo maana yaliyompata, tulipoyasikia, hakuna aliyecheka.

Kwa miaka kumi na moja alisimamia masjala ya ardhi katika halmashauri moja ya wilaya, mwendo wa saa tatu kutoka hapa. Mtu akimtajia namba ya kiwanja, alikwenda moja kwa moja kwenye rafu na kurudi na jalada lenyewe, vumbi akilifuta kwa khanga. Kwenye chumba kile hakikuwahi kupotea hata kipande cha karatasi. Jambo moja tu ndilo lililomnyima raha. Mama yake alikuwa amepata kiharusi, amelala huku Ihumwa akigeuzwa na majirani, na barua ya Aneth ya kuomba uhamisho ilikuwa inaingia mwaka wa tatu bila majibu.

Jumanne moja asubuhi, akiwa anamalizia chai, aliingia Joel, afisa mipango miji, na jalada mkononi.

Habari yenyewe ilikuwa ya kawaida. Kampuni moja ya simu iliomba kibali cha kujenga mnara katika kijiji kimoja upande wa Gulwe. Mafundi walikuwa wamepima, wakaona antena zitashika vizuri juu ya kilima fulani. Tatizo ni kwamba juu ya kilima hicho palikuwa na tembe, nyumba ya kale ya Kigogo yenye kuta za miti na udongo na paa bapa, iliyosimama zaidi ya miaka mia moja. Zamani iliwahi kuandikwa kuwa jengo la kihistoria. Watu waliliita tembe la Chilewa.

Joel alifunga mlango kwanza.

"Dada Aneth, hapo folio ya kumi na nne, ile karatasi ya daftari. Itoe, halafu panga namba upya. Kamati inakaa Alhamisi."

"Kutoa vipi? Hiyo si barua ya pingamizi?"

"Ni ya bibi mmoja tu. Ikibaki humo, kikao kitaahirishwa miezi sita." Kisha akatabasamu. "Barua yako ya uhamisho iko mezani kwangu. Mkurugenzi anasubiri maoni yangu."

Alipotoka, Aneth aliisoma ile barua. Iliandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya daftari, na Bi Angelina Chilewa, mwenye tembe. Alisema kwamba wakati wa njaa ile kubwa ambayo Wagogo waliita Mtunya, babu yake, bibi yake na watoto wao watano walikufa ndani ya nyumba hiyo kwa juma moja. Walionusurika hawakuwa na nguvu ya kuchimba ardhi ngumu ya nje. Wakawazika chini ya sakafu ya chumba cha kati, wakawaahidi kwamba hakuna atakayewagusa bila kuwauliza. "Mimi naandika kwa niaba yao," barua ilimalizia. "Wao ndio wenye kuulizwa."

Aneth alikaa nayo muda mrefu. Akamfikiria mama yake, na kidonda kilichoanza mgongoni kwa kulala. Akaitoa. Akafuta namba, akaandika nyingine. Jioni aliitia kwenye jiko la mkaa, akapikia uji.

Alhamisi kamati ilikaa kwa dakika ishirini. Muhtasari uliandikwa: hakuna pingamizi lililopokelewa.

Wiki iliyofuata Bi Angelina alikuja mwenyewe. Alikuwa mwembamba, amejifunga kaniki, miguu imejaa vumbi la njia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuuliza barua yangu kama ilifika."

Aneth alilifungua jalada mbele yake, akapekua polepole karatasi moja moja, kama mtu anayetafuta kweli.

"Hapana, bibi. Hatukuipokea."

Bibi hakugomba. Alimtazama tu, kisha akaitazama mikono yake iliyokuwa juu ya jalada.

"Basi haidhuru," alisema. "Kama yangu haikufika, watakuja wenyewe."

Akaondoka. Aneth alimsindikiza kwa macho hadi getini, akajisemea kwamba ni uzee.

Nje ya masjala kuna benchi la mbao ambako wananchi husubiri zamu. Kati ya benchi na meza ya Aneth kuna dirisha la vioo vya ukungu, hivi kwamba aliye ndani huona vivuli vya vichwa tu. Saa saba mchana ofisi nzima huenda kula, na uwanja hubaki na upepo na vumbi jekundu. Aneth alizoea kula chakula chake palepale mezani.

Siku ya pili baada ya bibi kuja, aliinua macho akaona kivuli cha kichwa kimoja kwenye kioo.

"Ofisi inafunguliwa saa nane, ndugu yangu," alisema kwa sauti.

Kivuli hakikujibu. Alipofungua mlango, benchi lilikuwa tupu.

Kesho yake vilikuwa vivuli viwili, kimoja kirefu na kimoja chenye kilemba. Akafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Siku iliyofuata vilikuwa vitatu, na cha tatu kilikuwa kifupi, kichwa chake kikubwa kuliko shingo iliyokibeba. Aneth aliacha kufungua mlango. Aliinamisha macho kwenye sahani, akasikia mbao za benchi zikilia, kama zinavyolia watu wakisogeleana kumpisha mwingine akae.

Akamuuliza Mzee Yotham, mhudumu wa ofisi aliyebakiza miezi michache kustaafu.

"Mzee, hapo nje saa saba huwa wanakaa kina nani?"

Yotham alikuwa anafagia. Hakuinua kichwa.

"Mimi hapo sikai tena, binti yangu. Benchi lina baridi."

Ilikuwa Oktoba, jua linachoma kiasi cha kupasua mikono ya wafagiaji. Aneth alitoka akaweka kiganja chake juu ya ubao. Ulikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Siku ya sita, vivuli sita. Siku ya saba hakuwepo ofisini. Joel alimchukua kwa gari la halmashauri kwenda Gulwe, kwa kuwa kampuni ilikuwa inaanza kuchimba msingi na ilitaka nakala ya kibali isomwe mbele ya serikali ya kijiji. Bi Angelina alikuwa amehamishiwa kwa mpwa wake, lakini waliwakuta wote wawili wamesimama pembeni. Bibi hakulia. Paa lilikuwa limeshaangushwa, na mafundi walikuwa wanavunja sakafu ya chumba cha kati.

Sururu ziligonga, halafu zikanyamaza. Fundi mmoja aliruka nje ya shimo.

"Bosi, njoo uone."

Chini ya sakafu hapakuwa na mifupa. Palikuwa na mashimo saba, yamepangana kama mikeka, kila moja na umbo la mtu aliyelala kwa ubavu amekunja magoti. Mawili marefu. Matano mafupi. Udongo wa ndani ulikuwa laini, kama kitanda ambacho mtu ametoka kuamka.

"Si mnaona?" Joel alisema, akicheka kicheko kikavu. "Hakuna hata mtu. Endeleeni."

Bi Angelina alimsogelea Aneth, akamnong'oneza sikioni.

"Wametoka, mwanangu. Wamekwenda kusikilizwa. Na wewe uko huku."

Aneth hakujua alipandaje gari. Anakumbuka tu kwamba alimsihi dereva amrudishe ofisini. Walifika saa saba na dakika chache. Uwanja ulikuwa mtupu. Mlango wa masjala, ambao ufunguo wake ulikuwa kwenye mkoba wake, ulikuwa wazi.

Benchi lilikuwa limeingizwa ndani. Limewekwa mbele ya meza yake.

Walikuwa wameketi.

Saba.

Kaniki zao zilikuwa za rangi ya udongo. Ngozi zao pia. Mwanamume alikuwa mwanzoni, halafu watoto wanne wamebanana, halafu mwanamke, na mikononi mwa mwanamke kulikuwa na kichanga. Hawakumtisha kwa lolote. Walisubiri tu, kama watu wanavyosubiri katika kila ofisi.

"Mbukwenyi," mwanamume alisema. Ni salamu ya Kigogo. Sauti yake ilikuwa kama udongo unaomwagika.

"Mbukwa," Aneth alijibu. Hakujua kinywa kilifungukaje.

Jalada la tembe lilikuwa mezani, limefunguliwa pale pa folio ya kumi na nne. Kalamu iko pembeni. Pedi ya wino iko wazi.

Akaketi. Akaelewa kazi yake. Akavuta karatasi nyeupe, akaandika juu: Maelezo ya mpinzani wa kwanza.

"Semeni," alinong'ona.

"Sikuulizwa," alisema mwanamume.

Aneth akaandika. Akangoja. Hapakuwa na zaidi.

"Utaweka dole gumba hapa, mzee."

Mwanamume aliinua mikono yake. Vidole vilikuwapo, lakini havikushika umbo. Vilimomonyoka na kudondoka mezani, chembe kwa chembe.

"Hatuna," alisema. "Tuazime."

Akamshika mkono. Baridi ilimpanda Aneth hadi begani. Dole gumba lake la kulia lilibanwa kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Likaachwa.

Wa pili akasema: "Sikuulizwa." Akachukua kidole kinachofuata.

Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Watoto. Sauti ndogo. Neno lilelile. Mkono wa kulia ukaisha. Mwanamke akashika wa kushoto.

Kichanga hakikusema. Mama yake alikisogeza mezani, akamtazama Aneth. Aneth akakiandikia mwenyewe neno lao: Hakuulizwa. Kitu kidogo, chepesi kama ganda la mtama, kikakikamata kidole chake cha shahada, kikakibana.

Kisha akasikia mbao zikilia kwa pamoja, na ufagio wa Mzee Yotham ukianguka mlangoni.

"Binti yangu," mzee alisema, "unazungumza na nani?"

Benchi lilikuwa tupu. Sakafuni palikuwa na vumbi. Lakini karatasi saba zilikuwa mezani, na wino haujakauka.

Aneth hakunawa hata mikono. Alizitia karatasi kwenye jalada, akazipa namba, akapanda ngazi hadi kwa mkurugenzi, akasema yote: barua, jiko, uji, Joel, uhamisho. Ya benchi hakuyasema. Mkurugenzi alizitazama zile alama kwa kioo cha kukuzia. Kila moja ilikuwa na mistari yake, na hakuna iliyofanana na nyingine.

"Watu hawa umewahoji lini?"

"Leo, mheshimiwa."

"Wako wapi?"

"Wamekwisha ondoka."

Kibali kilisimamishwa juma lilelile. Kamati ilikaa upya, mnara ukapelekwa kwenye kilima kingine ambako hakuna nyumba. Bi Angelina na wapwa zake walirudishia udongo, wakaisiriba sakafu kwa samadi, wakainua paa. Joel alivuliwa cheo. Aneth naye aliachishwa kazi kwa kuharibu nyaraka za serikali, na hakukata rufaa. Alirudi Ihumwa na sanduku moja. Siku hizi ndiye anayemgeuza mama yake kitandani, na kidonda kimefunga.

Haya angeweza kuyasahau. Watu husahau makubwa zaidi.

Lakini mwezi uliopita alikwenda kwa wakala, binti anayeitwa Sabrina mwenye mwavuli pale stendi, kumsajilia mama yake laini ya simu kwa jina lake mwenyewe. Sabrina alimpa kile kimashine cha alama za vidole. Aneth akaweka dole gumba. Kikakataa. Akaweka cha pili. Kikakataa.

"Lete mkono nikufute, mama," Sabrina alisema. Akaushika, akaugeuza juani. "Mama, uliungua?"

Vidole vyote vya mkono wa kulia vilikuwa laini, vyeupe, bila mstari hata mmoja, kama ndani ya gamba la yai. Sabrina akaushika mkono wa kushoto, akahesabu kwa sauti ndogo. Dole gumba. Cha shahada. Na cha kati.

Vinane.

Aneth alisogea kivulini, akampigia Mzee Yotham, ambaye siku hizo alikuwa anamalizia wiki yake ya mwisho kazini.

"Shikamoo mzee. Naomba unihesabie. Jalada la tembe. Maelezo ya wapinzani."

Alisikia rafu, kisha karatasi zikipekuliwa. Moja, mbili, taratibu. Halafu akaanza kuhesabu upya.

"Ziko nane," Yotham alinong'ona.

"Niliandika saba, mzee."

"Ziko nane, binti yangu. Na hii ya mwisho ni mwandiko wako, imeandikwa neno lilelile: Sikuulizwa. Ina alama ya kidole, ina tarehe ya leo."

"Jina la nani?"

Mzee alisikika akifungua mlango. Alipojibu, alikuwa ameshatoka nje. Upepo ulisikika kwenye simu.

"Pa kuandika jina pameachwa wazi. Na wino wake bado mbichi."