Oili Nyepesi

Kila siku, kabla jua halijachomoza vizuri, mama yangu alikuwa anafungua boneti. Anachomoa kijiti cha kupimia oili, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena na kukitazama kama daktari anayesoma kipimajoto. Mimi kazi yangu ilikuwa kufuta vioo. Mji wetu uko juu milimani, na asubuhi vioo vilikuwa vinaganda mpaka vidole vinakufa ganzi. Nilinung'unika kila siku, na kila siku Mama alijibu, "Futa, maneno utayamalizia shuleni."

Gari lenyewe halikuwa letu. Lilikuwa la kliniki, jipya, viti bado vina nailoni ya dukani. Lilikuwa linalala uani kwetu kwa sababu mara tatu kwa wiki Mama alipaswa kuwapitia wagonjwa wa figo mapema na kuwavusha mlima hadi hospitali kubwa, wakasafishwe damu kwa mashine. Kliniki ilikuwa na madereva saba, sita wanaume, na Mama ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Loo, walivyonuna! Siku ya kumkabidhi, msimamizi wa kliniki, mama mmoja asiye na mchezo, alimwambia mbele ya wote, "Gari hili liko mikononi mwako. Likifa kwa uzembe, ufunguo unarudi kwangu."

Mama alirudi nyumbani siku ile anaimba. Sikuwahi kumsikia akiimba kabla ya hapo.

Ukafika wakati wa kumwaga oili ya zamani na kutia mpya kwa mara ya kwanza. Utaratibu wa kliniki ulikuwa hivi: dereva anaandika kwenye fomu aina ya oili anayotaka, anatia sahihi, na mtunza stoo anampa hiyo hiyo iliyoandikwa, haulizi swali. Shida ilikuwa kwamba kitabu cha gari kilikuwa cha Kiingereza kuanzia jalada mpaka jalada, tena kinene, na Mama Kiingereza chake ni cha kusalimiana tu. Kwa hiyo alinipa mimi.

"Mwanangu, hiki nakuachia wewe. Nitafutie wanataka oili gani. Usinibahatishie."

Nilitafuta jioni nzima. Jibu nililipata ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, ndani ya kijisanduku: sifuri-W-ishirini. Nilisoma mara tatu. Nikaweka kipande cha gazeti pale ili nisipapoteze, nikalala nimevimba kichwa kwa raha.

Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi. Mama alinichukua mpaka gereji ya Mjomba, kaka yake mkubwa. Huyu Mjomba ndiye aliyemfundisha Mama kuendesha, na magari aliyajua kuliko alivyowajua watoto wake. Alikuwa amekaa kwenye tairi na mafundi wenzake watatu wanakunywa chai.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Profesa!" Alikuwa ananiita hivyo tangu nilipokuwa wa kwanza darasani, na sikulipenda jina hilo hata kidogo, maana kila akilitamka wenzake walikenua meno. "Leo umetuletea somo gani?"

"Amesoma kitabu cha gari," Mama akasema, fomu mkononi. "Haya, mwambie Mjomba wako."

Nikafungua ukurasa. "Wanasema sifuri-W-ishirini."

Mjomba alikaribia kupaliwa na chai. "Ngapi? Ishirini? Jamani, njooni msikie! Mtoto anataka tuweke jasho kwenye injini!"

Wenzake wakaangua kicheko. Mjomba akainuka, akachovya vidole kwenye kopo lake la oili, akanishikisha oili nyeusi nzito inayovutika. "Shika. Hii ndiyo oili. Ishirini-W-hamsini. Magari yote ya mji huu yanatembea kwa hii. Hiyo yako ya ishirini ukiimwaga chini, kuku atakunywa akidhani ni maji!"

Wakacheka tena. Mmoja wao, mnyoosha bodi waliyemwita Nyundo, akasema, "Profesa, hebu tazama vizuri. Huenda umesoma ukurasa wa maji ya kufutia kioo."

Hapo gereji nzima ililipuka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama peke yake hakucheka. Aliniinamia, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, una uhakika?"

Kitabu kilikuwa wazi mikononi mwangu. Kijisanduku kilikuwa pale pale. Ningeweza kumwekea kidole juu ya namba, namba Mama anazijua. Lakini nilimtazama Mjomba, nikawatazama wale wengine waliokuwa wakisubiri nifungue mdomo ili wacheke upya, nikakifunga kitabu.

"Labda nimekosea, Mama. Maandishi yenyewe ni madogo."

"Umeona!" Mjomba akasema, akanipiga piga begani. "Ndiyo maana nakupenda, Profesa. Mtu anayejua kukubali."

Mama akaandika kwenye fomu ishirini-W-hamsini, akatia sahihi. Oili ilipotoka stoo, Mjomba mwenyewe ndiye aliyeitia. Mjomba akanipa soda. Niliinywa yote, nisiseme uongo.

Kuanzia wiki ile gari lilianza kulalamika. Mama akiliwasha asubuhi, ile baridi bado imeshika, injini ilikuwa inagonga kwanza, kwa-kwa-kwa, kisha inatulia. Mimi niko mbele nafuta kioo, nasikia kila kitu.

"Sauti hii siipendi," Mama alisema siku moja.

Nikajitia hamnazo. Niliendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa kimeshakauka. Alipomuuliza Mjomba, alijibiwa, "Linazoea tu, mdogo wangu. Gari jipya lina maringo." Miezi mitatu ikapita hivyo, linagonga na mimi nimenyamaza.

Siku lilipokufa ilikuwa Jumanne, katikati ya mlima. Mama anasema lilipiga mluzi mkali, likatoa moshi wa buluu nyuma, taa nyekundu ya oili ikawaka, likakosa nguvu kabisa. Ndani alikuwa na wagonjwa wanne. Simu haikushika mtandao. Walikaa pale barabarani kwa muda wa saa nne kabla gari jingine halijawachukua, na walipofika hospitali zamu yao kwenye mashine ilikuwa imeshapita. Watatu walivumilia mpaka kesho yake. Wa nne, mwalimu mstaafu tuliyemwita Mwalimu tu, mzee aliyependa kukaa kiti cha mbele na kumsahihisha Mama majina ya ndege, usiku ule ule alivimba miguu na mapafu yakajaa maji. Alilazwa wiki tatu.

Gari lilivutwa hadi karakana ya kampuni iliyoliuza, ng'ambo ya mlima. Msimamizi akaita watu: Mama, Mjomba, na mimi, kwa kuwa Mama alisema aliyesoma kitabu naye aje. Fundi mkuu wa pale alikuwa mwanamke mwenye ovaroli ya kijivu, mpole wa sauti. Juu ya meza alikuwa ameweka kipande cha chuma chenye feni ndogo ndani.

"Hii ni tabo," alisema. "Inasukuma hewa kwenye injini. Inazunguka kwa kasi sana, na inachozungukia ni utando mwembamba wa oili. Hii imezunguka kavu mpaka imelika. Mliweka oili gani?"

"Ishirini-W-hamsini," Mjomba akajibu kifua mbele. "Nimeiweka magari mia."

Fundi hakubishana naye. Alifungua friji ndogo ya ofisini, akatoa chupa mbili, akazimimina kila moja kwenye mrija wake mwembamba wa kioo. Oili ya kwanza ilipita mara moja ikajaa chini. Ya pili ilishuka kidogo, ikasimama kama inayofikiria, ikaanza kujikokota. Tukaisubiri.

"Hiyo inayojikokota ndiyo yenu," fundi akasema. "Namba ya kwanza, ile iliyo kabla ya W, inaonyesha oili inavyotiririka kwenye baridi. Ikiwa ndogo, oili inawahi. Namba ya pili ni uzito wake injini ikishapata moto. Kila asubuhi mlipowasha, oili ilichelewa, na chuma kikasuguana na chuma."

"Mbona magari yangu hayafi?" Mjomba akauliza, sauti imepungua.

"Yana umri gani hayo magari yako?"

Mjomba akakuna kidevu. "Miaka ishirini. Mengine zaidi."

"Hayo yamelegea, Baba. Nafasi kati ya vyuma vyake zimepanuka, oili nzito inasaidia kuziba. Hili jipya nafasi zake ni nyembamba mno. Sisemi oili nyepesi ni bora kwa kila gari. Nasema kila injini ina oili yake, na aliyeitengeneza ameiandika kitabuni." Kisha akamgeukia msimamizi. "Kwa hiyo waranti, ile dhamana ya kampuni kulitengeneza bure, haipo. Samahani."

Msimamizi akavua miwani. "Nani aliamua?"

Mjomba akanywea. Halafu akafanya jambo ambalo sijamaliza kumsamehe. Alininyooshea kidole mimi. "Mtoto huyu ndiye aliyesoma. Na alisema kwa kinywa chake kwamba amekosea. Sasa mimi ningejuaje?"

Na kweli nilisema. Hicho ndicho kilichoniuma, kwamba hakuongopa hata neno moja. Nikapiga moyo konde.

"Sikukosea," nikasema. "Nilisoma vizuri. Ni ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Niliiona sifuri-W-ishirini, nikairudia mara tatu. Nilisema nimekosea kwa sababu walikuwa wananicheka."

Mama alinigeukia. Nimeshawahi kupigwa na Mama, nimeshawahi kugombezwa mpaka nikalia kwikwi, lakini sijawahi kutazamwa vile. Kisha akamgeukia msimamizi.

"Sahihi kwenye fomu ni yangu," akasema. "Mtoto hatii sahihi."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa gari. Ulikuwa kwenye pete moja na ufunguo wa nyumba yetu. Alihangaika kuutenganisha, kucha zikateleza mara mbili, na hakuna aliyemsaidia. Akauweka mezani.

Siku chache baadaye Mjomba alikwenda mwenyewe kwa msimamizi, akasema kwamba oili aliiweka yeye na kicheko alikianzisha yeye. Namshukuru kwa hilo, ingawa halikurudisha kitu. Kliniki ilinunua tabo nyingine, injini ikasafishwa, ikatiwa oili ile nyepesi, na gari likarudi barabarani bila kugonga. Siku hizi hata Mjomba, ukimpelekea gari jipya, anaanza kwa kuuliza, "Kitabu kiko wapi?" Wagonjwa wanafika hospitali kwa wakati. Anayewapeleka ni mmoja wa wale sita walionuna. Mama alipelekwa chumba cha kufulia, na yuko huko mpaka leo, anafua mashuka ya wodini.

Kwa mwezi mzima aliongea na mimi ya lazima tu. Kula. Lala. Funga mlango. Jumapili moja nilimfuata kazini, nikamkuta na rundo la mashuka, nikashika ncha moja, yeye akashika nyingine. Tulikunja mashuka kama kumi hivi ndipo nikasema.

"Mama, nisamehe. Nilikosea."

"Hapana," akasema, wala hakuinua macho. "Neno hilo usiliguse. Mjomba wako alikosea, hakujua. Mimi nilikosea, nilimwamini kaka yangu wakati namba zenyewe ningeweza kuzitazama. Wewe ulijua. Ulijua siku ile, na ukaendelea kujua miezi mitatu, kila asubuhi, kitambaa mkononi."

Machozi yalinitoka, na Mama aliyaona, na hakuyafuta.

"Sikiliza, mwanangu. Ukijua jambo la kweli na watu wakakucheka, waache wacheke mpaka wachoke. Kicheko cha gereji kile kiliisha kabla hawajamaliza chai yao. Mwalimu mpaka leo anashushwa garini kwa kubebwa." Akachukua shuka jingine, akalikung'uta. "Mimi nimekusamehe, ni mama yako, nitafanyaje? Lakini yeye si mama yako. Jumanne atapita hapa akielekea hospitali. Utamwambia mwenyewe. Na hutamwambia ulikosea. Utamwambia ulijua."

Jumanne nilimwambia hivyo hivyo, nimeshika mlango wa gari, dereva mpya anasikia.