Namba Moja, Wenyewe Wawili

Foleni ya duka la vifaa vya kompyuta ilikuwa imefika mpaka barabarani, na Mwalimu alikuwa katikati yake, amekumbatia ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani. Alivaa gauni la bluu lenye mkanda mwekundu na viatu vilivyokuwa vikimbana. Alifundisha hesabu kwa kompyuta, akiwa chumbani kwake, wanafunzi wa darasa la mtihani, kila siku kuanzia saa kumi alasiri. Wiki hiyo kompyuta yake ilikuwa imeipoteza printa mara tatu, na sasa alikuja kumtolea mwenye duka uvivu.

"Hiyo nzima, dada," alisema mtu aliyesimama nyuma yake. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi likanyooka, na bisibisi ilichungulia mfukoni.

"Umejuaje? Umeipima mapigo?"

"Sijaipima. Ila nikiipima ikawa mbovu, nakununulia mpya."

Alikuwa fundi wa mitandao, na siku ya pili alikuwa nyumbani kwao, amepiga magoti mbele ya ile ruta huku Mama akimtazama kwa jicho la pembeni. Alieleza kwamba ruta humpa namba kila anayeingia, leo hii, kesho nyingine, ndiyo maana kompyuta ilikuwa ikiitafuta printa mahali ilipokuwa jana. Akaipa printa namba yake ya kudumu, kompyuta ya Baba nayo yake, na ya Mwalimu nayo yake. Kuanzia siku ile printa ikatulia. Aliyekosa utulivu ni Mwalimu.

Simu zikaanza. Fundi alipiga kila asubuhi kuuliza hali ya printa, na Mwalimu alimjibu kwamba haijambo, ila imedhoofika kidogo kwa kumkumbuka. Miezi miwili haikuisha, Mama alikuwa akimwekea Fundi chai kwenye kikombe cha wageni wa heshima. Mdogo wake Mwalimu, aliyekuwa muuguzi na ambaye walilala naye chumba kimoja tangu utotoni, ndiye aliyemsukia nywele kila alipotoka na Fundi.

Kisha Muuguzi akanunua simu mpya. Wiki hiyohiyo masomo yakaanza kukatika, kila siku saa kumi na nusu, mara tu Muuguzi alipoingia kutoka kazini. Mkuu wa masomo wa shule iliyomwajiri akamwambia Mwalimu waziwazi kwamba wazazi wamechoka, na yakikatika tena darasa la mtihani atapewa mwingine. Kazi ile ndiyo aliyokuwa nayo, hakuwa na nyingine.

Jumamosi Fundi alikuja. Akakaa mbele ya ruta, akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Alipozungumza hakuinua macho.

"Simu ya mdogo wako imegongana na kompyuta yako."

Muuguzi alikuwa mlangoni. Akasema hajatumia intaneti hata kufungua picha moja. Mwalimu hakutaka kusikia. Hasira zikampanda, na mdomo ukatoa lile ambalo kila mtu wa nyumba ile alijua halisemwi, kwa sababu mchumba wa Muuguzi alikuwa amemwacha mwaka uliopita.

"Wivu tu huo. Umekosa wako, unataka na mimi nikose kazi."

Muuguzi akaingia chumbani. Alikusanya nguo chache akaenda kukaa kwa mwenzake wa kazini. Fundi alikuwa pale pale, anakunja waya taratibu kama mtu anayehesabu vidole vyake.

Baada ya hapo masomo hayakukatika tena. Mwalimu akajiambia: si unaona, ushahidi huo hapo. Mama aliendelea kuandaa sahani nne mezani, kisha anarudisha moja kabatini.

Wiki ya tatu Muuguzi alirudi kuchukua sare zake. Hakumsalimu dada yake. Alikaa kitandani akazungumza na mwenzake kwa video nusu saa nzima, kwa mtandao wa nyumbani, wakati Mwalimu anafundisha hesabu za sehemu. Hakuna kilichotikisika. Mwalimu alikosea swali la darasa la nne mbele ya wanafunzi thelathini.

Kipindi kilipoisha akampigia Fundi.

"Simu yake imeingia leo. Mbona haijakata?"

"Mwalimu wangu..."

"Nijibu."

Fundi akasema yote. Aliiandikia kompyuta ya Mwalimu namba ya kudumu, lakini akasahau kuiambia ruta kwamba namba ile imeshachukuliwa. Ruta, kwa kutojua, ikaigawa kwa simu mpya. Simu yoyote ingeangukia hapo. Alilijua kosa lake dakika alipokaa, na alilirekebisha Jumamosi ileile.

"Kumbe ulijua. Ukakaa unakunja waya."

"Niliogopa utaniona si kitu, mpenzi."

Mwalimu alimwambia asimpigie tena. Alilia mpaka kichwa kikauma, na kesho yake mchana akaenda kumngoja Muuguzi kwenye geti la hospitali. Akamweleza kosa la Fundi, woga wa Fundi, unafiki wa Fundi. Muuguzi alisikiliza amekunja mikono.

"Sawa, yeye alikosea namba," alisema. "Na yale ya kukosa wangu, ni yeye aliyekuandikia?"

Mwalimu aligeuka akaondoka. Alirudi nyumbani kwa miguu. Msamaha aliokwenda kuuomba ndio huohuo aliomnyima Fundi jana.

Akampigia Fundi. "Sijakusamehe bado. Lakini kosa langu kubwa kuliko lako. Jumapili njoo twende wote kwa mdogo wangu."

Jumapili shati la Fundi lilikuwa na mikunjo. Muuguzi alipofungua mlango pale kwa mwenzake, Fundi alisema mwenyewe, bila kusukumwa: nilikosea, nikajua, nikanyamaza ukatukanwa. Muuguzi akasogea pembeni.

"Ingia, shemeji, chai ipo." Akamgeukia dada yake. "Wewe tutaongea nikiwa tayari."

"Nitasubiri," alisema Mwalimu, akakaa kwenye ngazi.

Ndani alisikia vikombe, na mdogo wake akiuliza Mama anaendeleaje. Baadaye Fundi alitoka na chai yake, akaketi kando ya Mwalimu, wakainywa kwa zamu. Muuguzi hakumwita dada yake ndani. Ila mlango hakuufunga.