Kidole Kimoja

Kila Jumamosi, Adong akishapiga pasi sare ya baba yake, alitoka kambi ya polisi akateremka mtaa wa Kisenyi kujifunza gita. Mwalimu wake, Mama Perpétue, alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu aliyeuza vitenge katika chumba kimoja nyuma ya gereji. Alimfundisha Adong kwa sababu hakuthubutu kumkatalia polisi. Watoto wa askari hakuwapenda, na wala hakujisumbua kuficha hilo.

"Leo tuko mu nyumba ya Do," alisema siku hiyo. "Ina watu saba. Do ndiye baba. Fa na Sol wanacheka pamoja naye. Re, Mi na La wana huzuni. Si ni mgonjwa, hatulii, anataka tu kukimbilia kwa baba. Ufunguo, ile sauti inayotawala wimbo, ukiwa Do, hao ndio wenyeji. Mwingine akiingia, utamusikia."

Kila "mtu" alikuwa nyuzi kadhaa zinazobanwa kwa vidole na kupigwa pamoja. Adong alianza vizuri, lakini wiki nzima alikuwa ameruka kamba badala ya kufanya mazoezi. Alipofika kwa Re, kidole kikateleza, na badala ya huzuni ikatoka sauti ya kuchekacheka.

"Acha. Umesogeza kidole kimoja. Re umemufungia nje, umeingiza mgeni."

"Mgeni hapa ni wewe," Adong akajibu.

Mama Perpétue alimpokonya gita. "Toka kwangu, mutoto wa askari."

Adong alirudi kambini na hasira zake. Langoni alisimama Koplo Olweny, mtu ambaye hata baba yake Adong alipunguza sauti akimwona.

"Wewe toto, toka wapi?"

"Kwa yule Mkongomani, afande. Ana nyumba ya watu saba. Ufunguo anao yeye. Mgeni akiingia, anamsikia."

Alitaka mama yule atishwe kidogo tu. Miaka ile ya utawala wa kijeshi mtu alitiwa ndani ya buti la gari kwa neno dogo kuliko hilo, na Adong alilijua vizuri, ila hasira ilimziba macho. Olweny hakucheka. Aliwaita askari wawili, wakaingia kwenye gari lisilo na namba, likashika njia ya Kisenyi.

Hapo akaelewa alichofanya. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Adong alikimbia vilevile, akipita njia za mkato katikati ya maduka.

Alikuta vitenge vimetupwa matopeni. Mama Perpétue alikuwa amepigishwa magoti, mdomo unavuja damu.

"Hao waasi saba iko wapi?" Olweny alinguruma. "Ufunguo leta."

"Sina nyumba ingine, afande. Nyumba yangu ni hii."

Mafundi wa gereji walikuwa wameinamisha vichwa kwenye injini zao. Adong aliogopa, lakini alijipenyeza akasimama kati ya Olweny na mwalimu wake.

"Kosa ni langu, afande. Nilisema vile kwa hasira. Hao watu saba wamo ndani ya gita."

"Hapana chezea mimi. Onyesha. Kama nadanganya, nyinyi wote wawili naingia gari."

Adong alichukua gita. Alimpiga Do. Akaja kwa Re, akabana kwa nguvu mpaka ncha za vidole zikauma, na huzuni ikatoka safi. Olweny alihesabu kwa vidole vyake: Mi, Fa, Sol, La, halafu Si, ambaye alilia mpaka Adong akamrudisha kwa baba.

"Na mgeni?"

Adong alirudia, ila kwa Re alisogeza kidole makusudi. Askari mmoja alikunja uso. "Hiyo mbaya," alisema.

"Ndiye mgeni, afande."

Askari yule aliangua kicheko. Olweny hakucheka. Aliiona aibu yake, akaigeuza kuwa hasira, akapiga teke kiti cha mwalimu. "Hii nalipa petroli yangu," alisema, akachukua vitenge viwili, akaondoka.

Mama Perpétue alijipangusa damu. Adong alilia. "Nisamehe, Mama. Lakini sikubuni. Maneno yote ulisema wewe."

"Ndiyo. Yote ni yangu, tena ya kweli. Re na yule mgeni wamepishana kidole kimoja tu, na wewe hukusogeza zaidi ya hapo. Ukweli ukisogezwa kwa ubaya ni uongo, mutoto. Gita likikosea, tunaanza upya. Mimi nani angenianzisha upya?"

Adong aliinua kile kiti kilichopigwa teke.

"Okota vitenge, ufue. Kisha mwambie baba yako mambo yote wewe mwenyewe, asiyasikie kwa Olweny. Jumamosi ukija, uwe umefanya mazoezi. Fa yako bado inakoroma."