Kutu Kwenye Bastola ya Babu

Kosa lilikuwa la Lorna Tidwell, na mwenyewe hakulikataa. Alikuwa mpelelezi wa sherifu, mkuu wa polisi wa eneo lile, miaka chungu nzima, lakini Jumanne ile mchana alisimama mlangoni mwa chumba cha bunduki cha Wendell Harkness, akamwona mzee kalala sakafuni na bastola ya marehemu baba yake mkononi, akamgeukia mkewe papo hapo.

"Pole sana, mama Opal. Amejiua."

Heri angefunga mdomo. Tangu siku hiyo Opal hakutoka nje, hata ibada ya Jumatano kanisani hakwenda. Alikaa jikoni kati ya mabakuli ya viazi na jibini waliyoleta majirani, akimuuliza kila anayeingia, "Nilimkosea nini?"

Alhamisi asubuhi Lorna aliitoa bastola kwenye mfuko wa vielelezo, akaitumbulia macho. Juu ya kile chuma cheusi kilichong'aa kama kioo vilikuwa vimeota vidole vitatu vya kutu.

"Jasho hilo," alisema naibu wake, Curtis. "Kuna watu jasho lao linakula chuma. Mjomba wangu hatumpi hata ufunguo wa geti."

"Najua, Curtis. Na mimi nimezaliwa hapahapa Wyoming. Ninachouliza ni jasho la nani. Wendell amekufa kavaa glavu zake nyeupe."

"Mzee yule! Alizivaa hata kumpapasa paka."

Lorna hakucheka. "Mtu kaishika bastola kwa mikono mitupu, kaipangusa, kampachika marehemu. Alama za vidole zimefutika, chumvi ya jasho imebaki. Hajajiua huyu."

Wa kwanza kushukiwa alikuwa Virgil Amundsen, fundi wa kutengeneza bastola kwa oda. Siku ile kwenye meza ya chumba cha bunduki palikuwa na sanduku wazi, na ndani yake bastola mpya aliyoitengeneza yeye, ambayo Wendell aliisubiri miaka miwili. Jirani alimsikia Wendell akimfokea kwenye simu wiki moja kabla.

"Kweli alinifokea," Virgil alisema, akiendelea kupiga tupa. "Aliitaka kabla ya tarehe kumi na nne. Nikamwambia, mzee, chuma hiki umekichagua mwenyewe, hakishiki kutu na hakikatiki kirahisi. Ukitaka haraka kanunue dukani."

"Wendell na chuma cheupe? Si alisema hicho ni cha vijiko?"

"Haikuwa ya kwake. Na usiniulize ya nani. Nilimwahidi nitanyamaza."

Lorna alitazama tupa, jiliwa na nyundo. Virgil alizishika siku nzima bila glavu, na zote ziling'aa. Mikono ile haikuotesha kutu. Akaenda kwa Opal.

"Mama, kuna mtu Wendell alimkataza kugusa bunduki zake?"

Opal alicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. "Royce wetu! Mwanangu yule akishika kikaango cha chuma, kesho yake kimekuwa chekundu. Alipokuwa mdogo babake alikuwa anampigia kelele, 'Toa mikono!' mpaka mtoto akajifunza kutembea chumba kile kaificha mfukoni. Sasa ni baba mzima, Jumapili hii anatimiza miaka arobaini, na bado anaificha." Akajifuta macho. "Kwa nini unauliza?"

"Jumapili ni tarehe ngapi, mama?"

"Kumi na nne."

Lorna alikunywa kahawa yake yote, ingawa ilikuwa imepoa.

Saa kumi jioni Royce aliingia karakanani kwa Virgil, kama alivyoitwa na Lorna. Lorna aliweka ile bastola ya babu yake kwenye benchi, upande wa kutu juu.

"Weka vidole vyako hapo, Royce."

Hakuitoa mikono mfukoni. "Nilikuta sanduku wazi," alisema polepole. "Bastola nzuri hiyo! Nikataka kuishika. Mzee akalifunika. 'Bado, toa mikono.' Miaka arobaini, dada Lorna! Nikavuta droo, nikachukua ya babu. Nikamwambia, haya, na hii je? Njoo uninyang'anye. Akaja."

"Ulijua ina risasi?"

"Kila mtu nyumbani anajua. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio, sikukitoa. Ikalia."

"Na mama yako siku hizi mbili anajiuliza alimkosea nini."

"Nilidhani majonzi yake yatapita."

Virgil aliweka chini tupa. Alifungua droo, akatoa glavu ya kazi, ya ngozi, iliyochakaa kwenye dole gumba.

"Hii ni yako?"

"Ilipotea siku nyingi. Umeipata wapi?"

"Babako aliniletea, nipimie mpini. Akasema, 'Mwanangu hajawahi kushika kitu changu hata kimoja, nitengenezee bastola anayoweza kuishika.' Alisema 'bado', Royce. Zilikuwa zimebaki siku tano tu."

Royce aliinama kama aliyepigwa ngumi ya tumbo. Alipoinuka, alinyoosha mikono yote miwili mbele ya Lorna, mwenyewe. Lorna akamfunga pingu.

"Mwambieni mama nimemuua mimi," alisema. "Leo hii, aache kujilaumu. Lakini msimwambie ile mpya ilikuwa ya nani. Tafadhali, dada. Virgil, tafadhali."

Virgil aliirudisha glavu kwenye droo, akaifunga. Lorna alikuwa ameshika mlango, anamsubiri Royce atoke.